Land Rover Kuukuu za Garissa

Ewe msomaji, uonapo Land Rover kuukuu kando ya Mto Tana, imebonyea na kubabuka rangi, usiicheke. Motokaa hizo zilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi bodi zake zikaundwa kwa alumini, madini yasiyoshika kutu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake.

Nilipokuwa mtoto, pikapu ya namna hiyo ilituletea ndizi na maembe kutoka mashamba ya mtoni. Mwaka 1997 mvua za El Niño zilikata barabara, nayo ikakaa kimya. Ndipo tulipotambua kuwa mngurumo wake ulikuwa chakula chetu. Usiache mbachao kwa msala upitao.