Orodha ya kazi katika simu ya mhamasishaji wa afya

MHAMASISHAJI wa afya ya jamii mtaani Muyeye, Malindi, kama wenzake kote nchini, hutarajiwa kuhudumia takriban kaya 100. Mpango wa kitaifa wa wahamasishaji hao, wapatao 100,000, ulizinduliwa na Rais William Ruto mnamo Septemba 25, 2023. Simu wanazotumia zina mfumo wa eCHIS, uliojengwa juu ya programu huria ya Community Health Toolkit.

Kiini cha programu hiyo ni orodha ya kazi. Mama mjamzito anaposajiliwa, au mtoto mwenye homa anapoelekezwa zahanati, programu yenyewe hupanga tarehe ya ziara ya kufuatilia. Kazi iliyopitwa na tarehe huonyeshwa kwa rangi nyekundu.

Arifa hiyo haifutwi kama ujumbe wa kawaida. Huondoka fomu ya ziara inapojazwa. Muda wake ukiisha kabla ya hapo, hutoweka na kuhesabiwa kuwa haikutimizwa. Kwa hivyo orodha tupu si ushahidi kwamba kila mgonjwa ameonwa.

Yafaa kuifungua orodha kila asubuhi, kuanza na kazi nyekundu, kuunganisha ziara za nyumba jirani, na kuzima mlio wa makundi ya WhatsApp wakati wa mazungumzo na familia. Pasipo mtandao kazi huendelea, nazo data hutumwa mawimbi yakipatikana.

Anayejaza fomu bila kubisha hodi huondoa rangi nyekundu simuni, lakini homa ya mtoto hubaki palepale.