Barabara ya Wahindi katika Nairobi

Msomaji, huenda leso aliyokubebea mama yako ulipokuwa mchanga ilinunuliwa katika Biashara Street, Nairobi. Barabara hiyo fupi, isiyo mbali na Bustani ya Jeevanjee, inajulikana kwa vitambaa, vikoi, mablanketi na nguo za watoto. Zamani iliitwa Bazaar Street, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa barabara ya maduka ya Wahindi. Basi jiulize: kwa nini watu hawa walikaa dukani, wasiende shambani?

Wengi hudhani kwamba wenye maduka hayo walikuwa makuli waliojenga reli. Hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Baina ya mwaka wa 1896 na wa 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab. Kiasi cha 2,500 walikufa. Waliobaki katika nchi hii hawakufika 7,000, na wengine wote wakarudi kwao. Wenye maduka hasa walikuwa watu wa Gujarat na Kutch, waliokuja kwa nauli zao wenyewe. Wala hawakuwa wageni wa pwani yetu, maana jamaa zao walikuwa wakifanya biashara Unguja na Mombasa kabla reli haijafikiriwa. Allidina Visram alifika pwani angali kijana, na alipokufa katika mwaka wa 1916 alikuwa ameeneza maduka yake tangu Mombasa mpaka Uganda.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei, 1899, mahali penye kinamasi. Soko la Wahindi likazuka upesi, vibanda vya mbao na mabati vikisongamana, bila mifereji ya kuondolea maji machafu. Katika mwaka wa 1902 tauni ikaingia humo, na daktari wa serikali akaamuru soko litiwe moto. Hebu fikiri hali ya mtu aliyechukua mali kwa mkopo, akasimama kutazama duka lake likiwa majivu, si kwa ajali bali kwa amri! Hata hivyo soko lilijengwa tena.

Tauni nayo ilirudi, na kila iliporudi Wahindi walilaumiwa kwa uchafu. Katika mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji, naye akashauri kila taifa likae mtaa wake peke yake. Naona hapo ndipo ugonjwa ulipogeuzwa kuwa hoja ya siasa.

Swali letu la shamba lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla ya hapo. Katika mwaka wa 1908 Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, alikubali kwamba Wahindi wasigawiwe mashamba katika nyanda za juu. Mhindi aliyetaka kulima huko alikuta mlango umefungwa. Dukani palikuwa wazi. Katika mwaka wa 1923 serikali ya London ilikataa kuitenga mitaa ya mijini kwa rangi za watu, lakini nyanda zile ziliachwa mikononi mwa Wazungu. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake, hakuulizwa neno katika mashauri hayo yote.

Baada ya uhuru jina la barabara likawa Biashara Street. Katika mwaka wa 1967 Bunge lilipitisha sheria ya leseni, iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara mahali fulani. Wenye pasi za Kiingereza wakaanza kufunga mizigo. Na mwezi wa Machi, 1968, Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia wasiingie kwa wingi. Maelfu walikuwa wamekwisha kuondoka. Wale waliokuwa wamechukua uraia wa Kenya walibaki na majora yao ya vitambaa, na kando yao Waafrika wakafungua maduka katika barabara ile ile.