Maji Yasiyomgusa Mgonjwa

Wagonjwa sita wa Zurich, wote wanaume, walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Walikuwa wamepasuliwa kifua na kuwekewa valvu au mishipa bandia, na vidonda vyao vikafunga. Kisha, kati ya mwaka mmoja na nusu na zaidi ya mitatu baadaye, maradhi yakajitokeza. Nani angekumbuka chumba cha upasuaji baada ya muda wote huo?

Aliyehusika ni Mycobacterium chimaera, bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, anayeishi majini na kwenye udongo. Hukua polepole mno. Maabara nyingi hukaa na chupa za damu kwa siku tano hivi, kisha huzitupa. Yeye anahitaji wiki kadhaa. Basi wapo wagonjwa waliodhaniwa kuwa na sakoidosisi, ugonjwa unaotibiwa kwa dawa za kupunguza kinga ya mwili. Kwa mtu mwenye bakteria ndani ya valvu, hiyo ni tiba ya kuogofya.

Wachunguzi wa Zurich walifuata maji. Tangu John Gibbon alipofanikiwa kumpasua mgonjwa moyo kwa msaada wa mashine ya moyo na mapafu huko Philadelphia, Mei 1953, ufundi huo umekua hata damu ikaweza kupozwa na kupashwa joto wakati wa upasuaji. Kazi hiyo hufanywa na mashine nyingine iliyo pembeni, yenye tangi la maji. Maji huzunguka kwenye mipira na kurudi, yakitenganishwa na damu kwa ukuta mwembamba. Hayamgusi mgonjwa hata tone, na ndiyo maana hakuna aliyeyaogopa. Mikono ilisuguliwa na visu vikatakaswa kwa mvuke, huku tangini utando wa vijidudu ukijijenga.

Maji yale yalipokorogwa yalitoa matone madogo yasiyoonekana, na feni ya mashine ikayapuliza nje. Walipojaribu kwa moshi, moshi ulipanda na kukifikia kidonda kwa chini ya nusu dakika, ukiishinda hata hewa safi inayoshushwa kutoka darini.

Mwanzoni ilikuwa rahisi kuilaumu hospitali kwa mabomba yake. Lakini mashine nyingi zilizohusika zilikuwa za aina moja, 3T, iliyoundwa Munich, Ujerumani, na sampuli za mwaka 2014 zilimkuta bakteria huyo kiwandani kwenyewe. Vinasaba vilipolinganishwa, vile vya wagonjwa wa mabara tofauti vilifanana mno: bakteria alisafirishwa ndani ya mashine mpya.

Oktoba 2016, mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa tahadhari. Nchini humo upasuaji zaidi ya 250,000 kwa mwaka ulitumia mashine za kupasha na kupoza maji, na takriban asilimia 60 ulitumia aina ya 3T. Hospitali zikaanza kuwaandikia watu waliojiona wamepona zamani, zikiwataka waangalie homa zisizoisha, jasho la usiku na kukonda. Aliyegundulika alikabiliwa na dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka, pengine na kupasuliwa tena. Wengi walikufa.

Kusafisha matangi hakukutosha, kwa kuwa utando ulirudi. Hospitali kadhaa zikachagua njia ya fundi mwashi: zikatoboa ukuta, zikapitisha mipira, na mashine ikahamia chumba cha pili.