Leseni na Mto Ruvuma

Wadau, Nachingwea tunaikumbuka kwa karanga za Waingereza (1947–1951) na kambi ya FRELIMO. Mimi nikiwa Ruponda nawaza leseni ya udereva.

Mwaka 1928 Ureno ilihamia kuendesha kulia, lakini Msumbiji ikabaki kushoto, kama majirani zake waliotawaliwa na Mwingereza. Uhuru ukaja 1975. Daraja la Umoja likafunguliwa Mei 2010, magari yakaanza kuvuka.

Basi dereva wa Msumbiji akihamia huku, usukani ni uleule, upande uleule. Cha kubadilisha ni karatasi: Polisi, kisha TRA. Usalama barabarani, sawa. Lakini wazee wake tuliwapokea kama wapiganaji wenzetu. Yeye mbona tunampokea kama mgeni, jamani?