Mama Daktari wa Mahenge

Wilayani Rungwe, Masoko ikiwemo, kumeza mectizan ni jambo la kawaida. Mgawa dawa wa kijiji anafika na daftari lake na fimbo ya kupimia urefu, unasimama wima, unahesabiwa vidonge, unameza akikuona. Imekuwa hivyo kwa miaka 20 na ushee. Ukiuliza dawa ni ya nini utaambiwa ni ya usubi, wale inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi, ambao wakiuma huacha mwilini vimelea vya mnyoo unaowasha ngozi na baadaye kupofusha macho. Jibu hilo ni sahihi, ila halijatimia. Sehemu iliyobaki ilianza kuandikwa miaka zaidi ya 60 iliyopita katika milima ya Mahenge, Ulanga, na aliyeianza hakuwa mtaalamu wa macho wala wa minyoo. Alikuwa Louise Aall, binti wa Kinorwei mzaliwa wa Oslo, aliyekuja kuwa daktari wa magonjwa ya akili.

Alifika Tanganyika mwaka 1959, udaktari wake ukiwa bado mchanga, akafanya kazi katika maeneo ya misheni ya Kikatoliki ya Mahenge, kwa Wapogoro. Alichokikuta huko ni kifafa, na kwa wingi usio wa kawaida. Wenye kifafa walikuwa na makovu ya moto usoni na mikononi, kwa kuwa walianguka jikoni, na aliyeanguka watu waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa kwa mate. Wengi walikula peke yao na kulala peke yao. Kutibiwa hawakutibiwa, maana ugonjwa wenyewe haukuhesabiwa kuwa wa hospitali.

Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa ilikuwa fenobabitoni, ya zamani na ya bei ndogo, inayomezwa kila siku. Wagonjwa wapatao 200 wakaanza kuhudhuria. Mpango wenyewe haukuwa na makeke yoyote, lakini katika vijiji ambavyo mtu wa kifafa alikuwa kama ameshazikwa, kumwona amekaa miezi bila kuanguka kuliwafanya jirani wafikiri upya.

Daktari mwenyewe hakukaa. Katika miaka hiyohiyo alihudumu Kongo, iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru, kisha hospitalini kwa Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gabon. Mwaka 1963 alihamia Kanada, akasomea magonjwa ya akili, akaolewa na daktari mwenzake wa fani hiyo, Wolfgang Jilek, akaitwa Jilek-Aall, na hatimaye akafundisha Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Kliniki ya Mahenge iliendelea mikononi mwa watu wa misheni, naye akawa anarudi kila alipoweza. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, Call Mama Doctor, kwa jina ambalo wagonjwa walikuwa wakimwita.

Ili kuupima uzito wa kazi hiyo, ni vizuri kukumbuka utafiti wa akili ulivyokuwa Afrika Mashariki wakati ule. Jijini Nairobi, J. C. Carothers alikuwa ameiongoza hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu ambamo aliufananisha mwenendo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa andiko lake kuhusu Mau Mau, ambamo madai ya watu ya ardhi na uhuru yalifanywa kuwa tatizo la kisaikolojia. Carothers alitoa hukumu juu ya bara zima. Mama Daktari alihesabu walioungua moto katika tarafa moja. Kwangu mimi, ni kazi ya huyu wa pili iliyostahili kuitwa sayansi.

Katika kuhesabu huko aliona jambo geni. Baadhi ya watoto, kabla ya kuanza kuanguka, walikuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayepigana na usingizi, na mara nyingine hayo yalitokea wakiwa mbele ya chakula. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Wengi wa watoto hao walidumaa mwili na akili. Mwaka 1965 alichapisha habari za kifafa cha Wapogoro katika jarida la kitabibu la nchi za Skandinavia, kwa Kiingereza. Andiko la jarida la Skandinavia kuhusu vijiji vya Ulanga lingesomwa na nani? Kwa miongo kadhaa halikuzaa kitu.

Hapo katikati, wataalamu wa Tanzania walikuwa wakikichunguza kifafa hicho. Timu ya Muhimbili, wakiwemo Henry Rwiza, Gad Kilonzo na William Matuja, ilipita kaya za vijiji 11 vya Ulanga, na mwaka 1992 ikatangaza kwamba watu 10.2 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Kijiji hadi kijiji tofauti ilikuwa kubwa, kutoka watu 5.1 hadi 37.1. Tofauti ya namna hiyo ndani ya wilaya moja ilidai maelezo.

Mwaka huohuo Jilek-Aall na Rwiza walitoa ripoti ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge baada ya miaka 30. Dawa ilikuwa imewafaa: zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka. Hata hivyo 110 walikuwa wamekwishakufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: kuzama majini, kuungua, au degedege lisilokatika.

Dunia ilishtuka baadaye, pale watoto wa Sudan Kusini na kisha wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, walipoanza kusinzia vichwa kwa maelfu, na magazeti yakaandika habari za ugonjwa mpya. Aliyefungua makabrasha ya Mahenge aliona kwamba haukuwa mpya. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wa kina wa wagonjwa wa Mahenge, na mwaka 2013 Jilek-Aall mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya 80, alishiriki kuandika historia ya ugonjwa huo.

Karibu kila mahali ulikotokea, mnyoo wa usubi ulikuwepo. Ushahidi uliokaza kamba ulitoka Kamerun, ambako watoto waliopimwa vimelea kati ya 1991 na 1993 walifuatiliwa mwaka 2017: kadiri mtoto alivyokuwa na vimelea vingi ngozini, ndivyo uwezekano wa kupata kifafa baadaye ulivyopanda. Namna mnyoo unavyoudhuru ubongo bado inabishaniwa. Wala usubi hausimami peke yake; malaria kali, matatizo ya uzazi na tegu wa nguruwe nao wana sehemu yao, na mpenzi wa kitimoto wa nyanda za juu kusini ana sababu ya kudai nyama iliyoiva sawasawa.

Mahenge ilianza kugawiwa mectizan mwaka 1997. Miaka 20 baadaye, Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake bado walikuta kifafa kingi katika vijiji vyake, na maambukizi ya usubi kwa watoto hayakuwa yamekoma. Ndipo kuanzia 2019 dawa ikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.

Mzazi wa Masoko anayesita pale mgawa dawa anapobisha hodi, kwa kuwa macho ya mwanawe hayana tatizo, habari hizi zinamhusu. Na kama mtoto ameshaanza kuanguka, mectizan haitamponya. Huyo ni wa kliniki ya afya ya akili, ambako kifafa hutibiwa katika hospitali zetu nyingi, na vidonge vyake havikatishwi ghafla hata akipita miezi sita bila kuanguka.