Ndiyo na hapana katika kujibu swali kanushi: Kiswahili na Kiingereza

Swali kanushi ni swali ambalo kitenzi chake kimekanushwa: Hujala? Hawakufika? Huna kalamu? Maswali ya aina hii yapo katika Kiswahili na katika Kiingereza, lakini lugha hizi mbili huyajibu kwa kanuni zinazopingana. Kwa sababu hiyo, Mswahili anayejifunza Kiingereza anaweza kujua msamiati wote wa swali na wa jibu, na bado akaeleweka kinyume cha alichokusudia. Makala haya yanaeleza chanzo cha mgongano huo, hatari zake katika tafsiri na ukalimani, na namna ya kuufundisha.

Kanuni ya Kiswahili

Neno ndiyo huundwa kwa ndi- ya kusisitiza na -yo ya urejeshi ya ngeli ya I-ZI. Ni neno lile lile linaloonekana katika "hii ndiyo nyumba". Linapotumika kama jibu, huithibitisha kauli iliyotangulia, kana kwamba mjibu anasema: hiyo ndiyo kauli sahihi. Kauli yenyewe inaweza kuwa yakinishi au kanushi, ndiyo haijali. Kinachothibitishwa ni ukweli wa maneno ya muulizaji.

Neno hapana kwa asili ni kitenzi kinachokanusha kuwapo kwa kitu mahali, kama katika "hapana mtu nyumbani". Katika majibu, hapana na la (lenye asili ya Kiarabu) huikataa kauli ya muulizaji. Kwa hiyo:

Hujala? – Ndiyo, sijala.
Hujala? – La, nimekula.

Katika jibu la kwanza mjibu anakubaliana na muulizaji. Katika la pili anampinga. Lugha nyingine hufuata mantiki hii pia, Kijapani kikiwa mfano unaojulikana sana.

Kanuni ya Kiingereza

Katika Kiingereza, "yes" na "no" hazitazami maneno ya muulizaji. Hutazama hali ya kitenzi katika jibu. Kitenzi cha jibu kikiwa yakinishi, jibu huanza kwa "yes". Kikiwa kanushi, huanza kwa "no". Umbo la swali halibadilishi neno hili:

"Have you eaten?" – "No, I haven't."
"Haven't you eaten?" – "No, I haven't."

Aliyekwisha kula hujibu "Yes, I have" kwa maswali yote mawili. Jibu kama "Yes, I haven't", linalosikika mara nyingi kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, ni tafsiri ya neno kwa neno ya "Ndiyo, sijala". Halina kasoro ya kimantiki. Kasoro yake ni kwamba limefuata mantiki ya Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu zamani. Hadi karne ya 16 kilikuwa na maneno manne ya kujibu: "yea" na "nay" kwa swali yakinishi, "yes" na "no" kwa swali kanushi. Thomas More alimkosoa William Tyndale kwa kutoizingatia tofauti hiyo. Baadaye "yea" na "nay" zikaachwa katika mazungumzo ya kawaida, na jozi iliyobaki ikachukua kazi zote. Kifaransa na Kijerumani hadi leo vina neno la pekee la kupinga swali kanushi: "si" katika Kifaransa, na "doch" katika Kijerumani.

Matumizi yanayobadilika

Si kila Mswahili hujibu kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu kila wakati. Wako wasemaji, hasa waliozoea Kiingereza, ambao wakiulizwa "Hujala?" hujibu "Hapana" wakimaanisha kwamba hawajala. Matokeo yake ni kwamba "hapana" iliyosimama peke yake baada ya swali kanushi inaweza kubeba maana mbili zinazopingana, na msikilizaji hana budi kutegemea muktadha.

Kiswahili kina njia mbili za kukwepa utata huo. Ya kwanza ni kurudia kitenzi: Hukumwona? – Sikumwona. Jibu hili linajitosheleza, wala halihitaji ndiyo au hapana. Ya pili ni bado, linalotumika pale jambo linapotarajiwa kutendeka: Hujala? – Bado. Mwanafunzi wa Kiingereza akumbuke kwamba bado hili ni "not yet". Bado la "bado anakula" ni "still", na kuyachanganya mawili hayo huzaa kosa jingine.

Yapo pia maswali yenye si ya kutaka uthibitisho, ambayo kwa maana si kanushi. "Si umekula?" huulizwa na mtu anayeamini kwamba mwenzake amekula, na jibu "Ndiyo" humaanisha "nimekula". "Wewe si mwalimu?" linaweza kuwa swali la aina hii au swali kanushi kamili, kiimbo ndicho huamua, na kwenye maandishi kiimbo hakionekani. Mwandishi anayetaka uwazi ataandika "Si wewe ni mwalimu?" au "Wewe ni mwalimu, sivyo?"

Gharama ya neno moja

Katika mazungumzo ya kawaida kutoelewana kwa namna hii hurekebishwa upesi. Mahali pengine hakurekebishiki.

Mahakamani. Kwa miaka mingi, katika mahakama za Tanzania zilizo juu ya mahakama ya mwanzo, shahidi aliweza kuzungumza Kiswahili huku kumbukumbu ikiandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini majalada ya zamani yangali yanasomwa, na ushahidi wa Kiswahili bado hutafsiriwa katika mahakama za nchi nyingine. Shahidi akiulizwa "Hukuwapo nyumbani usiku ule?" akajibu "Ndiyo", amesema hakuwapo. Jibu hilo likiandikwa "Yes" tu, anayelisoma kwa kanuni ya Kiingereza ataelewa kwamba alikuwapo. Mahakama ya rufani kwa kawaida husoma kumbukumbu. Haimwiti shahidi upya ili kumuuliza alikusudia nini.

Hospitalini. Mgonjwa anayesubiri upasuaji hutakiwa kukaa bila kula, kwa kuwa chini ya nusukaputi chakula kinaweza kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Katika hospitali za Marekani zinazowahudumia wakimbizi kutoka Kongo, swali la muuguzi humfikia mgonjwa kupitia mkalimani: "Hujala chochote tangu jana usiku?" Mgonjwa aliyekula akijibu "Hapana" kwa maana ya "hapana, nimekula", na mkalimani akasema "No" peke yake, muuguzi ataandika kwamba mgonjwa hajala.

Darasani. Katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania, Kiingereza huwa lugha ya kufundishia kuanzia Kidato cha Kwanza, baada ya elimu ya msingi iliyotolewa kwa Kiswahili katika shule nyingi za umma. Mwalimu anapouliza "Don't you understand?" na darasa likaitikia "Yes", huenda wanafunzi wanasema kwamba ni kweli, hawajaelewa. Mwalimu akiichukua "Yes" hiyo kama idhini ya kuendelea, somo linasonga mbele na darasa linabaki nyuma.

Mwongozo kwa mwalimu

1. Afundishe jibu zima badala ya neno moja. "Yes" ifundishwe pamoja na kitenzi kisaidizi yakinishi, na "no" pamoja na kitenzi kisaidizi kanushi: "Yes, I do", "No, I don't". Katika jibu fupi la aina hii, "yes" haifuatwi na "not".

2. Amzoeze mwanafunzi kuanza na ukweli. Kabla ya kujibu, mwanafunzi ajiulize: nimekula au sijala? Akishapata kitenzi, neno la mwanzo hujichagua lenyewe.

3. Aulize swali lile lile kwa umbo yakinishi na kwa umbo kanushi, ili mwanafunzi aone kwamba jibu halibadiliki. Zoezi hili lina faida kuliko kukariri kanuni.

4. Ashughulikie pia maswali-mkia. Sivyo la Kiswahili halibadiliki, lakini Kiingereza hubadilisha mkia kufuatana na kitenzi: "She came, didn't she?" na "She didn't come, did she?" Wanafunzi wengi hutumia "isn't it" kila mahali kwa kufuata mfano wa sivyo.

5. Anapotaka kujua kama darasa limeelewa, asiulize swali kanushi. Bora amtake mwanafunzi aeleze jambo lenyewe kwa maneno yake.

Mwongozo kwa mfasiri na mkalimani

Anayehamisha jibu kutoka lugha moja kwenda nyingine ahamishe kitenzi. "Ndiyo" iliyojibu "Hukumwona?" ifasiriwe "No, I didn't see him". Msemaji akijibu kwa neno moja lenye utata, mkalimani anapaswa kuomba ufafanuzi, wala asikisie. Katika riwaya, tamthilia na manukuu ya filamu, jibu la "Aren't you coming?" – "No" likiandikwa "Huji?" – "Hapana", msomaji anaweza kudhani kwamba mhusika anakuja, "Siji" hutosha.

Vilevile, swali kanushi la Kiingereza mara nyingi hutarajia jibu la kukubali, na hapo hufaa kufasiriwa kwa si. "Isn't she your sister?" linaweza kuwa "Si yule ni dada yako?"

Tanbihi ya tahajia

Jibu la kukubali huandikwa ndiyo, kwa y. Umbo ndio ni la upatanisho wa ngeli nyingine: "hawa ndio walimu", "huu ndio mti". Tofauti hiyo hiyo ipo kati ya siyo na sio: "hii siyo nyumba yangu", lakini "hawa sio walimu".