Nagona Ilinikuta Nyahanga

Mimi Nagona sikuisoma darasani. Niliisoma Nyahanga, hapa Kahama mjini, kwenye chumba cha kupanga, siku nilizokuwa namsubiri kaka yangu arudi kutoka machimboni. Alituaga kwamba kuna rashi, dhahabu imeonekana, wiki mbili tu atakuwa amerudi.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe (1944), alikitoa kitabu hicho mwaka 1990. Mzingile ikafuata 1991. Kabla ya hapo tulimjua kwa Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), ambamo mtu ana kijiji, ana shule, ana wazazi wa kumsumbua. Mara akatuletea msimulizi anayetembea tu, anaingia mahali asipopajua, kimya kimetanda, anakutana na wanafalsafa waliokufa zamani. Wahakiki wakavutana: hii ni riwaya kweli au ni kitu gani? Kwamba ni ngumu, sikatai. Lakini wanaosema haina uhusiano na maisha yetu, hao nabishana nao.

Wapagazi wa Kinyamwezi karne ya 19 walitembea kutoka huku mpaka Bagamoyo. Siku hizi watu ndio wanakuja huku. Dhahabu ikionekana porini, kesho kuna maturubai, mama ntilie, redio, duara kando ya duara. Ikiisha, wanahama wote. Ukirudi unakuta mashimo na mbwa. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha 2001. Nenda leo ukaulize soko lao lilikuwa wapi!

Basi, kaka hakurudi, nikamfuata. Kumbe machimboni hakuna anayeitwa jina lake. Nilitaja la ubatizo, nikataja la ukoo, watu wananitazama tu. Mama mmoja muuza chakula nikamweleza: mrefu, ana kovu kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "hapa wote wanakuja warefu. Hilo jina lake la huku hulijui?"

Sikulijua. Nililala pale siku tatu, na kufika ya tatu nami nilishapewa jina: Mtafutaji.

Kezilahabi alihamia Botswana kufundisha chuo kikuu, akafariki 2020. Kitabu bado ninacho, jalada limeng'oka. Na kile chumba cha Nyahanga niliendelea kukilipia miezi minne zaidi, maana ndiyo anwani pekee ya kwetu aliyokuwa anaijua.